MOYO UKISEMA HAMA



Tangu uchimbaji wa mchanga wa titaniamu huku Kwale ulipokoma Desemba 2024, swali moja halitoki vibarazani hapa Ukunda: mtu akihisi moyoni kwamba kazi aliyo nayo haina maisha, aondoke upesi au angoje barua? Hata sisi wa reli tunaovuka Likoni alfajiri twaulizwa, kana kwamba reli ni ngome. Reli yenyewe imeonja mengi. Mwaka 2006 ilikodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways, mwaka 2017 mkataba huo ukavunjwa, na mwaka huo huo treni ya abiria ya reli mpya ikaanza safari kutoka Miritini. Kulala na wasiwasi wa kazi twakujua.

Wako wasemao kwamba hisia za moyo ni mambo ya waganga, na mtu mwenye akili atazame hesabu tu. Hatukubali. Mtu wa gangi aliyetembea njia miaka kumi hugonga bolti kwa nyundo, akasikia mlio, akasimama. Mwulize amejuaje, pengine hana maneno. Sikio lake limekusanya milio elfu na elfu, likautambua ule uliopotoka. Gary Klein, mtaalamu wa Marekani aliyechunguza kazi ya wazima moto, ameeleza habari ya ofisa mmoja wa Cleveland aliyewaamuru watu wake watoke katika nyumba inayoungua, hali yeye mwenyewe hajui kwa nini. Mara sakafu ikaporomoka, maana moto ulikuwa chini yake. Ofisa alidhani ana kipawa cha ajabu. Kumbe alikuwa ameona kwamba chumba kina joto kupita kiasi, moto hauna kelele, na maji hayaupunguzi.

Mtumishi wa hoteli za Diani anacho kipawa hicho hicho. Miezi ya masika, Aprili mpaka Juni, kila mtu ajua wageni hupungua na vibarua wengi hurudi nyumbani. Huo ni mwendo wa mwaka, hautishi. Lakini yuko mtu wa jikoni ambaye mwezi wa Desemba, wageni wamejaa tele, roho yake yakataa. Mwulize kwa upole. Atakwambia mwenye kuleta samaki siku hizi ataka fedha mlangoni kabla hajashusha kikapu. Shuka zilizopasuka zashonwa, mpya hazinunuliwi. Fundi wa jenereta ameondoka na hakuletwa mwingine. Mshahara uliokuwa ukija tarehe 30 sasa waja tarehe 9, na kila mwezi una sababu mpya. Hakuna aliyemwonyesha vitabu vya hesabu, naye amekwisha kuvisoma. Moyo kama huo twasema usikilizwe, tena mapema, na mwenyewe aende akatazame kama makato yake ya NSSF yamefika yalikotumwa.

Kuna hisia nyingine zinazovaa nguo za hiyo. Mtu amegombana na mnyapara siku ya Ijumaa, Jumatatu asema, "Moyo wangu umekataa kazi hii." Hiyo ni hasira. Ina haki yake, lakini haijui lolote juu ya kesho. Sisi hupima hivi: hasira ukiihoji hutaja jina la mtu mmoja; moyo uliojifunza ukiuhoji hutaja vitu ulivyoviona, na ukilala ukaamka bado wavitaja. (Mke nyumbani mara nyingi hutambua kabla yako, kwa kusikia tu unavyofunga mlango.)

Tena moyo wajua kazi uliyoifanya, usiyoifanya hauijui. Dada zetu wengi huambiwa habari za kazi za nyumbani Saudia na Dubai. Msichana wa Msambweni asema ahisi bahati yake iko huko. Moyo wake utaijuaje nyumba ya Riyadh? Anachohisi ni haja ya fedha, na haja si aibu, ila haioni mbali. Hapo ategemee mkataba ulioandikwa, akahakikishe kama wakala ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Lakini juu ya yule wakala mwenyewe moyo una ruhusa ya kusema, maana watu tumewajua tangu utoto. Akikukataza kuchukua karatasi nyumbani usiku mmoja mzee wako aisome, na roho ikasita, iamini.

Sasa, moyo ukisema hama, haujasema andika barua leo. Hapa wengi hupoteza haki zao. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, yasema tajiri akipunguza watu kwa sababu kazi imekwisha, lazima aarifu chama na ofisa wa kazi mwezi mmoja mbele, na kila mwaka uliotimia ulipiwe si chini ya ujira wa siku 15. Mtu wa miaka 12 ana siku 180. Akiacha kwa hiari wiki moja kabla ya tangazo, siku hizo hazidai tena. Kweli, tajiri aliyefilisika hulipa kwa taabu, na hukumu ya mahakama haipikwi sufuriani. Hata hivyo sisi twaona heri mtu aanze kutafuta kimya kimya, apeleke maombi, apunguze deni la dukani, lakini nafasi yake asiiachilie mpaka kazi nyingine imeandikwa kwenye karatasi.

Kibarua naye asidhani hana cha kupoteza. Kifungu cha 37 chasema aliyefanya kazi siku mfululizo zifikazo mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, naye apaswa kupewa notisi.

Anayeondoka, kama alipwa kwa mwezi, atoe notisi ya siku 28 kwa maandishi. Barua iwe nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa ofisi, abaki nayo. Na hati ya utumishi aidai siku ya mwisho kazini. Kifungu cha 51 chamlazimu tajiri kumpa kila aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi, hata kama wameachana kwa ugomvi.