Kidonda Kukauka si Kupona: Haidrojeli na Wajibu wa Mwanakiswahili

Mswahili akitaka kusema kwamba kidonda kimepona, aghalabu husema kimekauka. Usemi huu umezoeleka mno hata hakuna anayeusaili. Hata hivyo, ndani yake mna nadharia nzima ya tiba: kwamba unyevu ni adui wa kidonda, na kwamba jua na hewa ndivyo vinavyokiponya. Sayansi ya leo imeipa kisogo nadharia hiyo. Makala haya yanashikilia kwamba kuieleza sayansi hiyo kwa Kiswahili si kazi ya kuunda istilahi pekee, bali pia ni kazi ya kuchunguza maana zilizojificha katika maneno ya kila siku.

Mwaka 1962, mtafiti George Winter wa Uingereza alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa nguruwe. Majeraha aliyoyafunika kwa utando wa plastiki ili yasikauke yaliota ngozi mpya upesi kuliko yale yaliyoachwa wazi yakafanya kigaga. Sababu yake haina utata. Seli za ngozi hutambaa kwa wepesi juu ya uso wenye unyevu, lakini penye kigaga hulazimika kujipenyeza chini yake.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1960, Otto Wichterle na Drahoslav Lím, wanakemia wa iliyokuwa Chekoslovakia, walikuwa wametoa maelezo kuhusu haidrojeli zinazofaa kutumiwa mwilini. Haidrojeli ni mtandao wa polima, yaani molekuli ndefu mithili ya nyuzi, zilizofungamana zikanasa maji mengi bila kuyeyuka. Anayeijua halua hahitaji kwenda mbali kupata mfano: wanga hushikamana na maji, kikawa kitu kinachotikisika ila hakimwagiki. Haidrojeli ikiwekwa juu ya kidonda hukihifadhia unyevu.

Polima nyingi zinazofaa kazi hii ni za asili. Kaitosani hutokana na magamba ya kamba na kaa. Aljineti hutokana na mwani wa kahawia, nayo jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Karajinani hutolewa katika mwani wa jamii nyekundu, kama ule unaolimwa Kibuyuni katika Kaunti ya Kwale na visiwani Zanzibar. Basi malighafi ya elimu hii imo katika maji yale yale yaliyokilea Kiswahili.

Fauka ya hayo, watafiti wameanza kuzitia haidrojeli hizo viambato vya kudhibiti uoksidishaji, kama vile kurkumini ya manjano, asidi ya taniki na vitamini C. Hapa ndipo istilahi inapohitaji umakini. Katika maandishi mengi ya afya, viambato hivi huitwa viondoa sumu. Jina hili linavutia, lakini linapotosha. Mwili unapojeruhiwa, seli za kinga huzalisha molekuli kali za oksijeni ziuazo bakteria. Zikiwa kwa kiasi, molekuli hizo ni askari. Zikizidi na kudumu, kama inavyotokea mara nyingi katika vidonda vya wagonjwa wa kisukari, huzigeukia seli za mwili wenyewe, uvimbe ukaendelea na ngozi isiote. Kinachotafutwa, basi, si kufukuza sumu bali kurejesha mizani. Istilahi 'kidhibiti uoksidishaji' ni ndefu, lakini inasema kweli. Sharti mwundaji wa istilahi aelewe kwanza kinachotendeka ndipo akipe jina.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili ni maskini katika uwanja huu. Kinatofautisha jeraha, ambalo ni bichi, na kidonda, ambacho huweza kukaa, na donda ndugu, ambalo hula mwili. Mfasiri anayeyatumia maneno hayo kama visawe huitupa hazina iliyo mikononi mwake. Aidha, Kiswahili kinatofautisha kitu kinyevu na kitu chepechepe. Tofauti hiyo ndiyo hasa inayohitajika hapa, kwani kidonda kinachoelea majini huharibu ngozi iliyokizunguka.

Wapo watakaouliza: mwanafunzi wa fasihi na isimu ana nini na haidrojeli, ilhali wataalamu wake huandika kwa Kiingereza? Jibu liko kwa mgonjwa. Mtu mwenye kisukari aliyefungwa kidonda cha mguu kwa haidrojeli hurudi nyumbani na lugha yake. Akikifungua siku ya tatu akakiona kinyevu, lugha hiyo humwambia hakijapona kwa kuwa hakijakauka. Akaitupa bandeji, akakianika juani. Mguu huo unaweza kupotea, na si kwa kukosa dawa, bali kwa kukosa maelezo yaliyomfikia. Kweli, haidrojeli nyingi zenye vidhibiti uoksidishaji bado zimo maabarani, na yapo madonda ambayo daktari huagiza yawekwe makavu. Lakini haidrojeli za kawaida na bandeji za aljineti zimekwisha kuingia katika matibabu. Maelezo hayawezi kungoja.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hadhi hiyo haitakuwa na maana ikiwa itakomea katika hotuba na mitihani. Idara za Kiswahili hazina budi kuketi na zile za uuguzi na kemia, na tasnifu ziandikwe kuhusu lugha ya wodini kama zinavyoandikwa kuhusu riwaya na tenzi. Wala si lazima kuanza na istilahi nzito. Kiswahili tayari kina usemi kwamba kidonda kimefunga, na huo ndio unaoafikiana na sayansi, kwa kuwa kupona ni ngozi kukutana. Mwanakiswahili atakayemfundisha muuguzi kusema 'tunangoja kifunge' badala ya 'tunangoja kikauke' atakuwa ameitumikia lugha yake, na huenda akauokoa mguu wa mtu.