Kuchelewa kuingia kwenye kompyuta pepe: tupime kabla ya kulaumu intaneti

Mfanyakazi mpya anaandika jina lake na neno la siri, kisha anangoja. Dakika moja, tatu, tano. Wateja wamepanga mstari, na mkubwa wa ofisi anasema: « Ni intaneti ya Congo hiyo! » Mara nyingi anakosea, na kosa hilo lina bei.

Kompyuta pepe haiko mezani. Inafanya kazi ndani ya seva, pengine mbali, na sisi tunaona picha yake tu. Kwetu ina faida kubwa: umeme ukikatika ofisini, kazi uliyoacha wazi inakungoja kwenye seva. Lakini mtumiaji akiingia mara ya kwanza, Windows inapaswa kumtengenezea profaili. Inanakili mafaili ya mfano, inasajili programu ndogo zilizokuja na mfumo, inasoma amri za kampuni, inatafuta printa. Mara ya pili, sehemu kubwa ya kazi hiyo imekwisha.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakigharimu hata franka moja. Mtu huyo atoke, kisha aingie tena kwenye mashine ileile. Akiingia haraka, shida iko katika kutengeneza profaili. Akichelewa vilevile, fundi atafute kwingine: printa iliyoondolewa zamani lakini bado inatafutwa, skripti iliyosahauliwa, au DNS iliyopangwa vibaya. Windows yenyewe inaandika saa ya hatua nyingi katika Event Viewer. Azisome, aone pengo liko wapi.

Kuna mtego mmoja. Ofisi nyingine zina mashine zinazofutwa kila mtu anapotoka. Hapo kila asubuhi ni mara ya kwanza, na wote wakiingia pamoja saa mbili, diski za seva zinalemewa. Dawa inajulikana: kuondoa programu zisizo na kazi kwenye mashine ya mfano, na kuweka profaili ya kila mtu kando, kama inavyofanya FSLogix, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2018.

Wengine watasema intaneti yetu ni dhaifu kweli. Sikatai. Satelaiti iliyo kilomita 36,000 juu yetu inachukua karibu nusu sekunde kupeleka ujumbe na kurudisha jibu. Lakini uzito huo hauishi mlangoni: utauona pia ukiandika na ukibonyeza. Kama kazi inakwenda vizuri baada ya kuingia, laini haina hatia.

Wanaoumia ni mfanyakazi anayeitwa mvivu, na mama aliyetoka mbali anayeambiwa arudi kesho. Mkubwa wa ofisi asitie sahihi kununua laini kubwa zaidi kabla fundi hajamwonyesha, kwa dakika na sekunde, ni hatua gani inayokula muda.