Mtunga shanga wa Msasani: Amri imemlinda dukani, haijamlinda sokoni

UKIPITA katika soko la sanaa la Slipway, Msasani, mahali palipokuwa karakana ya boti kabla ya kugeuzwa eneo la maduka, utakuta mikufu, hereni na bangili za shanga za kila rangi. Ukitoka hapo kuelekea kilipo kijiji cha wavuvi, mwendo mfupi tu, si ajabu kumkuta mama au binti ameketi barazani na sahani ya shanga mapajani, anatunga. Baadhi ya anachotunga atavaa mwenyewe, baadhi atampa wifi yake siku ya harusi, na kinachobaki atakiuza.

Biashara hii imekuwa ikichukuliwa kama kazi ya kupoteza muda. Lakini tangu mwaka 2025 imeingia katika mjadala mkubwa wa uchumi wa nchi, ingawa wanaoifanya wengi hawajui.

Julai 28, 2025, aliyekuwa Waziri wa Viwanda na Biashara, Dk Selemani Jafo, alitoa amri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara inayowazuia watu wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Waliozungumzwa sana ni wageni wa Kariakoo, kwa kuwa amri inataja biashara ya jumla na rejareja. Lakini ndani ya orodha hiyo kuna mambo mengine mawili yanayomgusa mtunga shanga moja kwa moja: maduka ya sanaa na kumbukumbu za watalii, na viwanda vidogo na vidogo sana.

Adhabu si ndogo. Mgeni akipatikana na hatia anakabiliwa na faini isiyopungua Sh10 milioni au kifungo kisichozidi miezi sita, na anaweza kupoteza kibali chake cha ukaazi. Mtanzania anayemkingia kifua mgeni kwa kumwazima jina anakabiliwa na faini ya Sh5 milioni au kifungo cha miezi mitatu. Kenya ililalamika hadharani kwamba hatua hiyo inakwenda kinyume na Soko la Pamoja la Afrika Mashariki.

Swali la mfanyabiashara mdogo ni moja: je, mgeni akishaondoka dukani, fedha zitahamia kwangu?

Duka limefungwa, kontena halijafungwa

Jibu ni kwamba si lazima. Amri inamzuia mtu, haizuii mzigo. Hereni na bangili za plastiki na bati zinazotoka China bado zinaingia kihalali, na Mtanzania anaruhusiwa kuziagiza na kuziuza. Mshindani mkubwa wa mtunga shanga hakuwa mgeni aliyekaa nyuma ya meza, bali ni bei ya kile kilichokuwa juu ya meza.

Zaidi ya hapo, mtunga shanga mwenyewe anategemea mzigo huohuo. Hata shanga ndogo za kioo wanazotumia wanawake wa Kimaasai, ambazo mtalii huziona kuwa ndiyo Afrika yenyewe, kwa kiasi kikubwa hutoka Jamhuri ya Cheki na China. Jambo hili si geni katika pwani yetu. Kwa karne nyingi majahazi yalileta shanga za kioo kutoka India, na katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilibeba mizigo ya shanga kama fedha ya kununulia chakula njiani. Tofauti ni kwamba leo anayebeba hasara bei inapopanda ni mama wa barazani.

Hesabu inayosahaulika

Tuchukue mfano. Mtunga shanga ananunua Kariakoo pakiti ya shanga kwa Sh6,000, inayotoa bangili nane. Kila bangili imekula shanga za Sh750. Uzi na kishikizo ni Sh250. Anauza Sh2,000 na kuhesabu kwamba amepata faida ya Sh1,000.

Hajahesabu nauli. Kwenda na kurudi Kariakoo ni Sh2,000, ambayo kwa bangili nane ni Sh250 kila moja. Kilichobaki ni Sh750. Hapo hajajilipa. Ikiwa siku yake ya kazi ina thamani ya Sh9,000 na anatunga bangili sita kwa siku, kila bangili inapaswa kumlipa Sh1,500. Maana yake anajilipa nusu ya ujira wake, kisha anaita ujira huo faida.

Hata hivyo, kupandisha bei peke yake hakusaidii iwapo bangili yake inafanana na ile ya kontena. Mteja atakwenda meza ya pili. Njia iliyo wazi ni kutengeneza kitu ambacho kontena halileti.

Mali ghafi iko shambani na machinjioni

Hapa ndipo mkulima na mfugaji wanapoingia. Kifuu cha nazi kinachotupwa au kuchomwa Mkuranga, Bagamoyo na Mafia ni mali ghafi nzuri ya hereni na vishikizo. Kinachotakiwa ni kifuu cha nazi iliyokomaa, kikavu na kisicho na ufa. Hukatwa kwa msumeno mwembamba, husuguliwa kwa msasa mkali kisha laini, hutobolewa, na mwisho hupakwa mafuta ya nazi ili king'ae.

Pembe za ng'ombe zinapatikana machinjioni. Huchemshwa ili mfupa wa ndani utoke, kisha hukatwa na kusuguliwa mpaka zionyeshe rangi zake za asili. Anayefanya kazi hii afunge pua na mdomo, kwani vumbi la pembe na kifuu ni baya kwa mapafu. Mbegu za lusina, mti ambao wafugaji wengi wanaupanda kwa malisho, hulainika zikichemshwa na kutoboleka kwa sindano.

Kwa asiye na msumeno, karatasi inatosha. Kalenda ya mwaka jana hukatwa vipande virefu vyenye umbo la pembetatu, huviringishwa kwenye kijiti kuanzia upande mpana, hugundishwa ncha, na hupakwa vanishi mara mbili au tatu. Ikikauka ni ushanga mwepesi usiofanana na mwingine.

Kuna vya kuepuka. Mbegu nyekundu zenye jicho jeusi za mturituri zinapendeza, lakini zina sumu kali, na zikishatobolewa na mtoto akazitafuna zinaweza kuua. Ng'amba na pembe za ndovu ni marufuku, na mtalii akikamatwa nazo uwanja wa ndege, muuzaji naye atatafutwa. Makombe na matumbawe pia yasiokotwe na kuuzwa bila kuwauliza maofisa wa uvuvi.

Turudi kwenye hesabu. Hereni za kifuu huchukua muda zaidi. Tuseme jozi tatu kwa siku. Ujira wa kila jozi unakuwa Sh3,000. Kulabu, msasa na nauli tuweke Sh800. Gharama yote ni Sh3,800. Akiuza Sh5,500 amejilipa ujira kamili na kubaki na Sh1,700 ya kukuza mtaji. Ni jozi chache kwa siku, lakini mtengenezaji ameacha kujidhulumu.

Majirani walifanya hivi

Mwaka 1975, Karen, Nairobi, Susan Wood alianza kutengeneza shanga za udongo akiwa na wanawake wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao. Karakana hiyo, Kazuri, ilikua ikaajiri zaidi ya watu 300. Kampala, wanawake waliokuwa wamekimbia vita vya kaskazini mwa Uganda na kuponda kokoto katika machimbo ya mawe walijulikana duniani kwa shanga zao za karatasi, hasa baada ya shirika la BeadforLife kuanza kuwatafutia soko mwaka 2004. Hapa kwetu, karakana ya Shanga iliyoanza mwaka 2007 mjini Arusha iliwapa watu wenye ulemavu kazi ya kuyeyusha chupa zilizotupwa na kutengeneza shanga za kioo.

Katika mifano hiyo yote, walichouza hakikuwa shanga tu. Waliuza mali ghafi ya kwao, ubora usiobadilika, na maelezo ya nani ametengeneza. Hakuna aliyeshindana na kontena kwa bei.

Usimtegemee mtalii pekee

Mwaka 2024 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 2.1. Ni soko zuri, lakini tusisahau mwaka 2020, wakati ugonjwa wa corona ulipoishusha idadi hiyo kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi karibu 620,000. Aliyekuwa na meza ya watalii tu alikaa bila mteja. Hata katika mwaka wa kawaida, masika ya Machi hadi Mei huwa makavu kwa biashara hiyo.

Soko la ndani ndilo linalomkinga. Kicheni pati, harusi, Idd, Krismasi na mahafali ya kidato cha nne vyote vinataka zawadi, na si kila mgeni mwalikwa ana uwezo wa kununua seti ya vyombo. Hereni na mkufu vilivyotengenezwa kwa rangi ya sare ya sherehe, vikiwekwa katika kijisanduku kizuri, ni zawadi ya heshima kwa bei ya mtu wa kawaida. Shanga za kiunoni nazo zina wateja wa kudumu Kinondoni na Temeke ambao hawasubiri msimu wa ndege.

Kwa wenye vikundi, mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, iliyosimamishwa Aprili 2023, ilirejeshwa mwaka 2024 kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu. Mafunzo yanapatikana SIDO, na maonyesho ya Sabasaba katika viwanja vya Barabara ya Kilwa, Temeke, hutoa nafasi ya kukutana na wanunuzi wa jumla. Anayetaka kuuza nje akumbuke kwamba ndani ya Afrika Mashariki mzigo usiozidi Dola 2,000 za Marekani uliotengenezwa hapa una utaratibu rahisi wa cheti cha uasilia mpakani. Shanga za kifuu zinastahili cheti hicho. Bangili iliyotoka China haistahili.

Serikali kwa upande wake isidhani kazi imekwisha kwa kumwondoa mgeni. Ikiwa Mtanzania aliyeshika duka ataagiza bangili zilezile, mama wa barazani hataona tofauti yoyote. Wenye maduka ya sanaa watakiwe angalau kueleza wazi kipi kimetengenezwa nchini na kipi kimeagizwa, ili mteja anayelipia kazi ya mikono ajue mikono hiyo ni ya nani.

Na mtunga shanga asisubiri amri nyingine. Kabla ya kununua pakiti ijayo, achukue daftari, aandike bei ya shanga, uzi, nauli na saa zake za kazi. Kisha aangalie nyuma ya nyumba, pale vifuu vinapotupwa.