Mtoto Asemaye "Sijui" Katika Nyumba ya Dini Mbili



Ndugu wasomaji, mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo nyumba nyingi hulijua na chache hulitaja. Nalo ni la kijana aliyelelewa baina ya dini mbili, akasoma ya baba na kusikia ya mama, kisha alipofika utu uzima akasema: "Mimi sijui." Hakusema kwamba Mungu hayupo. Alisema hajui. Lakini masikioni mwa wazee wake maneno hayo mawili yalikuwa neno moja, nao wakamtendea hivyo.

Kijana huyo twamjua. Jina lake na la kijiji chake tumeyaficha, kwani hiyo ni haki yake. Baba yake ni mvuvi wa pwani ya kusini mwa Mtwara, baina ya Msimbati na mlango wa mto Ruvuma, kwenye mikoko na ngalawa. Mama yake ni Mkatoliki wa upande wa Ndanda, na ndoa yao ilifungwa bomani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huruhusu watu wa dini mbalimbali kuoana kwa ndoa ya kiserikali, na wako wengi walioifuata njia hiyo.

Msomaji wa mbali huenda akastaajabu, akauliza imekuwaje nyumba moja ikawa na msahafu na rozari. Asistaajabu. Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa juu ya mpwawe. Uislamu ulikuwapo Mikindani tangu zamani, lakini vijiji vya ndani viliupokea kwa wingi tangu miaka ya 1890, na zaidi baada ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Mwaka 1908 ilienezwa huko Lindi barua iliyosemekana kuwa imetoka Makka, ikawaonya watu kwamba Kiyama ki karibu, hata serikali ya Wajerumani ikaingiwa na wasiwasi. Kwa upande wa pili, wamisionari wa Kianglikana walikuwa wamefika Masasi mwaka 1876, na Wabenediktini walifika Ndanda mwaka 1906. Hata jando lilikuwa na pande mbili. Kwa Waislamu wengi lilikuwa ndio mlango wa kuingilia dini, na Wakristo wa Masasi, wakiongozwa na Vincent Lucas ambaye baadaye alikuwa askofu wao, wakatengeneza jando lao la Kikristo. Basi watoto wa bibi mmoja waligawanyika, huyu msikitini na huyu kanisani, wakaendelea kuzikana na kulishana. Huo ndio urithi wa watu wa kusini, nao si wa kuonewa haya.

Turudi kwa kijana wetu. Alipokuwa mdogo alihudhuria chuo cha Kurani pale kijijini, na alikuwa mwepesi wa kuhifadhi. Alipofika darasa la tano alipelekwa kwa mjomba wake huko bara ili akae karibu na shule. Mjomba ni mtu mwema, alimlipia kila kitu, na siku ya Jumapili nyumba nzima ilipokwenda kanisani naye alikwenda, kwani nani angemwacha mtoto peke yake? Likizo alirudi pwani, akafunga Ramadhani na babaye.

Akiwa na miaka kumi na miwili alimwuliza mwalimu wake wa chuoni: "Mama yangu ataingia Motoni?" Alipigwa fimbo. Alipokwenda bara akauliza swali hilo hilo juu ya babaye, akaambiwa mambo hayo si ya watoto. Akatuambia: "Sikuuliza tena. Nilifahamu kwamba wakubwa wana jambo wanaloliogopa."

Ndugu wazazi, litazameni jambo hili vizuri. Mtoto yule hakupotezwa na kitabu cha Kizungu wala na rafiki muovu. Alileta swali gumu kuliko yote aliyokuwa nayo, swali la mapenzi yake kwa mamaye, akajibiwa kwa fimbo upande mmoja na kwa kimya upande wa pili. Laiti angeambiwa, "Mwanangu, swali lako ni zito, kaa tuzungumze," huenda leo tusingekuwa tukiandika habari hii.

Kisha likaja jambo la pili. Mwezi wa Oktoba 2020 wapiganaji kutoka upande wa Msumbiji walivuka Ruvuma wakakishambulia kijiji cha Kitaya, wakaua watu. Vita vile vya Cabo Delgado vilianza Mocímboa da Praia mwezi wa Oktoba 2017, na waliovianzisha walilitaja jina la Mwenyezi Mungu katika kumwaga damu. Waliokimbia walizungumza, na watu wa pwani yote walisikia. Kijana akasema moyoni mwake: hawa wana yakini kuliko baba yangu na mjomba wangu, na tazama yakini yao imefanya nini. Tangu siku hiyo aliiogopa yakini yenyewe.

Yaliyobaki yalitokea katika mwezi wa Ramadhani. Baba alimkuta mchana akinywa maji kando ya ngalawa.

"Mwanangu, umesahau?"

"Sikusahau, baba. Sijui nafunga kwa ajili ya nani."

"Basi usilale chini ya paa langu mpaka utakapojua."

Akaondoka, akapanga chumba Mtwara mjini. Mama hakuweza kusema lolote, kwani majirani walikwisha kunong'ona kwamba damu ya upande wake ndiyo iliyomharibu mtoto.

Alitujia usiku mmoja baada ya sala ya Isha. Alitoa shikamoo, akakaa, akanyamaza sana. Hatimaye akauliza: "Shehe, nikifa leo, nani atanizika?" Hakuuliza juu ya dalili za kuwapo kwa Mungu. Alitaka kujua kama bado ana watu.

Tulimwomba atuambie habari yake tangu mwanzo, naye akafika kwenye lile swali la utotoni, akatuuliza sisi: "Na mama?" Tukamwambia kwamba njia tunayoiamini hatuifichi, na tungependa kila tumpendaye awe juu yake. Ama hukumu ya mtu mmoja aliye hai, kwa jina lake, haikuwekwa mikononi mwetu, na hatulijui lililo baina yake na Mola wake. Akainua kichwa. Alisema hajapata kumsikia mtu wa dini akisema "hatujui".

Hapo tuliona haya kwa ajili ya wenzetu na kwa ajili ya nafsi zetu. Neno hilo lilikuwa pambo la wanazuoni. Inasimuliwa kwamba Imamu Malik, imamu wa Madina, aliulizwa maswali arobaini na nane, na katika thelathini na mbili alijibu kwamba hajui. Hakuna aliyemdharau kwa hilo. Sisi leo, wenye elimu isiyofika ukucha wake, tuna jibu la kila kitu, na tusipokuwa na jibu tuna fimbo.

Wala shaka si jambo geni katika umma. Waingereza humwita mtu asemaye hajui kama Mungu yupo agnostiki, neno lililotungwa na Thomas Huxley mwaka 1869. Lakini wanazuoni wa elimu ya tawhidi walikwisha kuwataja watu walio karibu naye, wakiwaita al-laadriyya, yaani watu wa "sijui". Taftazani wa karne ya 14 aliwazungumza katika sharhe yake ya Aqida ya Nasafi. Na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza mwenyewe katika kitabu chake Al-Munqidh min ad-Dhalal kwamba alishikwa na maradhi ya shaka kwa muda wa karibu miezi miwili, asiweze kuamini hata ushahidi wa macho yake. Alisema kwamba hakuponywa kwa kupanga hoja, bali kwa nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake. Baadhi ya Masahaba walimlalamikia Mtume s.a.w. kwamba wapatwa na mawazo wasiyothubutu kuyatamka, naye hakuwafukuza. Aliwafahamisha kwamba kule kuyachukia kwao ni dalili ya imani. Na Nabii Ibrahimu a.s. aliomba aonyeshwe jinsi wafu wafufuliwavyo ili moyo wake utulie, akajibiwa.

Hatusemi kwamba "sijui" ni mahali pa kujenga nyumba. La, hasha! Twaamini kwamba mwanadamu ameumbwa ili amjue Mola wake. Twasema kwamba ziko "sijui" mbili. Moja ni ya mtu aliyesimama njia panda akitafuta, nyingine ni ya mtu aliyelala njia panda na hataki kuamshwa. Mzazi akiwatendea wote wawili sawa, atamgeuza yule wa kwanza awe kama wa pili.

Wala tusidhani kwamba vijana hawa ni wachache mno wa kuwajali. Katika hesabu ya watu ya Kenya ya mwaka 2019, watu 755,750 waliandikwa kuwa hawana dini au hawamwamini Mungu. Kwetu Tanzania hesabu ya watu haikuuliza dini tangu ile ya mwaka 1967, basi idadi haipo. Lakini kukosekana kwa idadi si kukosekana kwa watu. Na ibara ya 19 ya Katiba yetu humpa kila mtu uhuru wa imani na wa kuchagua dini. Kabla ya Katiba, Kurani yenyewe katika Sura ya Al-Baqara ilikwisha kukataza kulazimishana katika dini.

Sasa twasema na kila mmoja wa nyumba ile.

Ewe baba, wewe ni mtu wa chombo, mkumbuke Nabii Nuhu a.s. Mwanawe alikataa. Tufani ilipokuja, Nuhu hakumwambia asiukaribie ubao wa jahazi lake. Alimwita kwa neno la mapenzi, akaendelea kumwita mpaka wimbi lilipowatenga. Aliyekataa kupanda ni mwana. Wewe umeliondoa jahazi kabla ya wimbi.

Ewe mama, usinyamaze kwa kuogopa lawama. Bibi Asmaa binti Abu Bakari alimwuliza Mtume s.a.w. kama aunge ujamaa na mamaye aliyekuwa mshirikina, naye akamwamuru auunge. Na Sura ya Luqman humwamuru mtoto akae kwa wema na wazazi wake hata wanapomwita kwenye shirki, ingawa asiwatii katika hilo. Ikiwa Waislamu wameamriwa hivyo juu ya washirikina, je, mtu awe mbali na mtoto wa tumbo lake kwa sababu amesema hajui?

Ewe mjomba, mpwao alikaa kwako miaka mingi, na sauti yako yasikilizwa pande zote mbili. Usimvutie kwako akiwa katika udhaifu wake. Mrudishe kwa babaye, kisha kila mtu aseme imani yake kwa uwazi na upole.

Nawe kijana, tuna neno nawe pia. Kusema kweli juu ya moyo wako ni bora kuliko kusali kwa kuwaonyesha watu, na hilo twakusifu. Lakini usiifanye "sijui" kuwa kiti cha kukalia na kuwacheka wanaosujudu. Waliovuka mto wakaua hawakuwa na yakini ya babako. Babako ana yakini na hajamdhuru mtu. Umewapima watu wabaya kwa uangalifu. Wapime na wema kwa uangalifu huo huo. Soma, uliza, na usiku utakapokuwa peke yako, omba hata kama hujui wamwomba nani. Wala usile mchana wa Ramadhani mbele ya mzee wako. Hiyo ni adabu tu, nayo haihitaji yakini.

Tulikwenda kwa baba yake. Alitupokea kwa heshima, lakini uso wake ulikuwa mgumu. Hatukumjadili. Tulimfikishia swali moja tu la mwanawe: akifa leo, nani atamzika? Alinyamaza kitambo kirefu akiutazama wavu uliokuwa mapajani mwake. Kisha akasema, "Aliuliza hivyo?"

Siku ya Idd alimtuma mdogo wake mjini kumwita. Kijana akaja. Baba alikwenda kuswali, mwanawe akabaki uani akimsaidia mamaye. Aliporudi wakala katika sinia moja. Mpaka twaandika haya, kijana bado asema hajui, na baba bado amwombea kila alfajiri. Lakini amwombea akiwa chini ya paa lake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaongoze watoto wetu, na atujaalie sisi wazazi ndimi laini na masikio yasiyoogopa maswali. Amin.

Wabillahi tawfiq.