Mlio wa Pikipiki Barabarani: Tuthibitishe Kabla ya Kutuhumu



Hapa kwetu Ibadakuli, miongoni mwa mambo yanayoletwa mbele ya kamati ya msikiti kutafutiwa suluhu, ugomvi wa pikipiki za mkataba umekaa jirani kabisa na ugomvi wa mirathi na wa ndoa. Mwenye chombo humtuhumu kijana kuwa ameua injini kwa uzembe. Kijana naye hudai kuwa alikabidhiwa chombo kibovu tangu siku ya kwanza. Aghalabu tuhuma zote mbili zimejengwa juu ya mlio ambao hakuna aliyeupima.

Mlio tunaouzungumzia leo ni ule mwembamba, wa kuvuma mfano wa mbu mkubwa. Mtaani hausikiki. Huanza pale pikipiki inapofika kilomita 60 au 70 kwa saa juu ya lami, ukapanda kadiri mwendo unavyopanda. Anayetoka hapa kwenda Maganzo, au anayepita Tinde akashika njia ya Isaka na Kahama, hukaa katika mwendo huo kwa muda mrefu, na mara nyingi nyuma yake yupo mke, mtoto au mzazi. Katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, chombo hukata takriban mita 22 kila sekunde moja. Beringi ya gurudumu ikivunjika hapo, hakuna muda wa kujadiliana nani alikuwa na haki.

Ni vyema kwanza tufahamu kwa nini mlio huu huja na mwendo. Gurudumu la nyuma la pikipiki zetu nyingi lina mzingo unaokaribia mita 1.8. Kwa kilomita 80 kwa saa, gurudumu hilo huzunguka mara 12 hivi kila sekunde. Ikiwa sproketi ya nyuma ina meno 42, basi kila sekunde cheni hugonga meno zaidi ya mara 500. Mgongo wa polepole sikio husikia kama "ka-ka-ka". Ukifika mara 500 kwa sekunde, sikio husikia sauti moja nyembamba iliyonyooka. Ni kasoro ile ile iliyokuwapo kwenye mwendo wa kilomita 20, ila sasa imepata sauti.

Nitoe mfano wa shauri moja lililofika kwetu bila ya kuwataja wahusika. Kijana wa kijiwe alikuwa amebakiza miezi michache amalize mkataba. Pikipiki ikaanza kulia kila anapobeba abiria na mzigo kuelekea Maganzo. Fundi wa kwanza aliisikiliza ikiwa imesimama, akasema injini imekwisha na lazima ifunguliwe. Mwenye chombo akaona kijana hakuwa akibadilisha oili, akataka kuichukua pikipiki pamoja na fedha zote zilizokwisha kulipwa. Tuliwaomba wote wawili wasubiri siku moja, tukamwita fundi mwingine mwenye subira. Injini ilikuwa nzima. Cheni ilikuwa imekazwa kupita kiasi, na beringi ya gurudumu la nyuma ilikuwa imekauka grisi na kuanza kukwaruza. Kilichotumika ni beringi na saa mbili za kazi, na mkataba ukaendelea.

Fundi yule alifuata mpangilio ambao kila mwenye pikipiki anaweza kuufuata. Majaribio ya barabarani yafanywe asubuhi, njia ikiwa tupu na imenyooka, dereva akiwa peke yake na kofia ngumu kichwani. Asithubutu kuyafanya huku basi au lori likimfuata.

Jaribio la kwanza ni la upepo. Dereva ageuze kichwa kidogo na kuinama kidogo. Mlio ukibadilika kwa kichwa tu, huenda ni upepo unaopita kwenye kofia au kioo cha pembeni.

Jaribio la pili ni la gia. Akae kwenye kilomita 50 au 60 kwa gia ya juu, kisha apunguze gia moja huku akidumisha mwendo ule ule. Injini sasa inazunguka haraka zaidi, lakini magurudumu yanazunguka vile vile. Mlio ukipanda pamoja na injini, chanzo kipo kwenye injini au klachi. Ukibaki ulivyokuwa, chanzo kipo baada ya giaboksi: cheni, sproketi, beringi za magurudumu, tairi au spidomita.

Jaribio la tatu ni la klachi. Katika mwendo huo huo abane klachi na kuachia mafuta, injini ishuke, chombo kiende kwa msukumo wake. Asizime swichi. Mlio ukikatika papo hapo, turudi kwenye injini. Ukiendelea bila kubadilika, tushuku beringi, tairi au spidomita. Ukipungua bila kuisha, tushuku cheni, kwani imepumzishwa nguvu ya injini ingawa bado inazunguka.

Jaribio la nne ni la ardhi. Tairi zenye matuta makubwa, ambazo wenzetu wa njia za machimbo huzipenda kwa ajili ya vumbi na tope, huvuma zikiwa juu ya lami. Zikiingia kwenye changarawe, mvumo ule hupotea. Sauti hiyo ni ya kawaida, maadamu tairi halijalika upande mmoja na upepo wake ni sahihi.

Baada ya hapo chombo kiwekwe kwenye stendi ya kati, injini ikiwa imezimwa na gia ikiwa huru. Gurudumu la nyuma lizungushwe kwa mkono. Likikwaruza, au likigoma mahali fulani, tuangalie breki zisiwe zinashika, kisha tuangalie beringi. Tushike tairi kwa mikono miwili, mmoja kila upande, tulisukume huku na huku. Likicheza, beringi imekwisha. La mbele nalo lifanyiwe hivyo hivyo. Hapo pia tukumbuke gia ndogo ya spidomita iliyo kwenye gurudumu la mbele: ikikauka grisi hupiga kelele kali ambayo imewafanya wengi wafungue injini bure. Waya wa spidomita ukichomolewa kwa muda na mlio ukaisha, mwizi amekamatwa.

Kuhusu cheni, pana jambo ambalo wengi hawalijui. Abiria wanapokaa, gurudumu la nyuma hupanda, na umbali kati ya sproketi ya mbele na ya nyuma huongezeka. Cheni iliyoonekana imekaa vizuri pikipiki ikiwa tupu hukazika kama uzi wa gambusi inapobebeshwa mzigo. Hulia, na zaidi ya kulia, huivuta beringi ya gurudumu na ile ya shafti ya giaboksi kila sekunde. Ndiyo maana kijana wetu aliusikia mlio akiwa na mzigo tu. Pikipiki nyingi ndogo hutakiwa kuwa na nafasi ya takriban milimita 20 hadi 30 cheni inaposukumwa juu na chini katikati, ila kipimo cha chombo chako ni kile kilichoandikwa katika kitabu chake. Pima sehemu tatu au nne huku ukizungusha gurudumu, kwa sababu cheni hailiki sawasawa.

Cheni iliyochakaa nayo ina kipimo chake. Nyingi kati ya zile za pikipiki ndogo ni za namba 428, ambazo kila pingili ina milimita 12.7. Pingili 20 za cheni mpya ni milimita 254. Zikifika 259, cheni imerefuka kwa asilimia 2 na haifai tena, hata ikikazwa vipi. Ibadilishwe pamoja na sproketi zake zote mbili, maana meno yaliyolika huila cheni mpya kwa muda mfupi. Na tuache desturi ya kuimwagia cheni oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Ina chembe za chuma, na vumbi la huku kwetu likishikana nayo huwa msasa. Safisha kwa brashi, paka oili ya gia namba 90, kisha futa inayobaki.

Hapa nawasihi wazazi. Cheni isisafishwe wala kupakwa oili injini ikiwa inaunguruma, na watoto wasisogezwe karibu. Kidole kinachoingia kati ya cheni na sproketi hakirudi salama.

Beringi nayo inunuliwe kwa namba iliyochorwa ubavuni, si kwa kukadiria kwa macho. Iliyoandikwa 6301, kwa mfano, ina tundu la milimita 12 na upana wa nje wa milimita 37. Herufi 2RS zikifuata, maana yake ina mpira wa kuzuia vumbi pande zote mbili, na hiyo ndiyo inayofaa zaidi katika ardhi yetu.

Wapo watakaouliza kuhusu pikipiki kubwa za safari, zile za wageni wanaovuka bara letu. Baadhi yake, kama Honda Gold Wing na BMW R 1200 GS, hazina cheni. Nguvu hupelekwa nyuma kwa shafti na gia zilizofungiwa ndani ya oili. Majaribio ya gia na klachi ni yale yale. Tofauti ni kwamba baada yake hukaguliwa oili ya gia za nyuma, na ikitoka na chembe za chuma, safari husimama hapo.

Nirejee kwenye mikataba. Tunawashauri wenye vyombo na vijana wetu waandike mambo manne kabla ya kukabidhiana: nani hununua oili na baada ya kilomita ngapi, nani hugharamia cheni, tairi na beringi, kijana akisikia mlio atoe taarifa kwa nani, na siku chombo kikiwa gereji, hesabu ya siku hiyo itakuwaje. La nne ndilo linalosababisha hatari kubwa. Kijana anayejua kwamba hesabu itadaiwa hata pikipiki ikiwa imefunguliwa, ataufunika mlio kwa siku kumi, naye akiwa amebeba watu. Mwenye chombo akiisamehe siku moja ya matengenezo, amelinda mali yake na roho za abiria kwa pamoja.

Nanyi kina mama mnaokaa nyuma, msinyamaze. Dereva huzoea sauti ya chombo chake hadi asiisikie tena; abiria huisikia upya. Ukisikia mvumo ambao wiki iliyopita haukuwapo, mwambie baba watoto asimame, na asiuone kuwa ni woga wa wanawake. Pikipiki ni amana, na waliokaa juu yake ni amana kubwa zaidi.

Wabillahi tawfiiq.