Kimya Chake Si Kiburi

Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha kwanza wanapoingia, majina huitwa asubuhi na kila mmoja hujibu. Lakini mara moja moja hutokea mtoto ambaye jina lake huitwa mara mbili, mara tatu, naye yupo, amesimama mbele ya macho ya watu, wala hajibu. Wenzake hucheka. Kisha maneno huanza: huyu ana kiburi, huyu ana dharau, huyu kwao hakufundishwa adabu. Mimi ni mwalimu, na maneno hayo nimeyasikia katika shule zaidi ya moja. Nimeona yafaa nitoe maoni yangu katika gazeti letu, ili wanafunzi, walimu na wazazi tulifikiri jambo hili pamoja.

Maoni yangu kwa ufupi ni haya: mtoto huyo hakatai kusema, bali hawezi kusema, na kinachomzuia ni hofu. Hofu haitolewi kwa fimbo, wala kwa kubembelezwa siku moja. Hutolewa hatua kwa hatua, na kila aliye karibu na mtoto ana kazi yake.

Kwanza tumjue mtoto mwenyewe. Sisemi habari za mtoto mpole ambaye husema kidogo. Nasema habari za mtoto ambaye nyumbani, akiwa na mama yake na ndugu zake, huzungumza, huimba, hubisha, na pengine huwashinda wote kwa kelele; lakini akivuka mlango wa shule, au mgeni akiingia nyumbani, sauti hupotea. Uso hukauka, mwili hukakamaa, macho hutazama chini. Mama akiambiwa na mwalimu kwamba mtoto wake hasemi, hushangaa, hudhani anatajwa mtoto wa mtu mwingine. Mwalimu naye akiambiwa kwamba mtoto huyo ni msemaji nyumbani, hushangaa vivyo hivyo. Wote wawili wasema kweli. Mara nyingi hali hii huanza kabla mtoto hajatimiza miaka 5, lakini hutambulikana aingiapo shule, kwa kuwa huko ndiko anakotakiwa kusema mbele ya watu asiowazoea.

Kiswahili hakina jina lililozoeleka la hali hii. Mimi nitaiita ukimya wa hofu. Majina iliyopewa na madaktari yana mafunzo ndani yake. Mwaka 1877 daktari Mjerumani, Adolf Kussmaul, aliipa jina la Kilatini lenye maana ya kukosa usemi kwa hiari. Mwaka 1934 Moritz Tramer wa Uswisi aliipa jina jingine, lenye maana kwamba mtoto huchagua kunyamaza. Mwaka 1994 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilibadili jina hilo katika kitabu chake cha kutambulia magonjwa, ili lisionyeshe tena kwamba mtoto hunyamaza kwa kupenda. Mwaka 2013 kikaiweka hali hii katika kundi la magonjwa ya wasiwasi, na Shirika la Afya Duniani nalo laiweka katika kundi hilo katika orodha yake iliyoanza kutumika mwaka 2022. Iliwachukua mabingwa zaidi ya miaka 100 kufika hapo. Hatuna haja sisi kuanza tena safari yao pale walipoanzia.

Yafaa pia tujue jinsi hofu hii inavyojilisha. Mtoto aulizwa swali. Hofu yapanda, koo lakaza, anyamaza. Watu wote wamtazama. Kisha rafiki yake amjibia, au mwalimu achoka na kumwuliza mwingine. Hapo hofu yashuka, mtoto apumua. Amejifunza nini? Amejifunza kwamba kunyamaza huleta nafuu. Kesho atanyamaza upesi zaidi, na wenzake nao wamekwisha zoea kumsemea. Kwa hiyo ziko njia mbili za kumharibu mtoto huyu. Ya kwanza ni kumlazimisha, maana huongeza hofu. Ya pili ni kumsemea kila mara, maana huifanya hofu iwe na faida. Njia ya kufaa iko katikati.

Si kila anyamazaye ana ukimya huu. Madaktari hutaka hali iwe imedumu angalau mwezi 1, na mwezi wa kwanza wa kuingia shule hawauhesabu, kwa kuwa ugeni huwafunga wengi mdomo. Kadhalika iko shida ya lugha: wengi wetu tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza tukakuta masomo kwa Kiingereza. Anyamazaye kwa kukosa neno la Kiingereza, ukimsemesha Kiswahili hujibu. Mwingine hasikii vizuri, na masikio yake yafaa yapimwe. Mwingine ana kigugumizi. Tena yuko yule aliyekuwa akisema kila mahali, kisha ghafula akanyamaza. Huyo pengine amepatwa na jambo baya, na hapana budi mtu mzima anayemwamini akae naye bila kuchelewa.

Mfano wa huyo wa mwisho ni mwandishi Mmarekani, Maya Angelou, aliyezaliwa mwaka 1928. Katika kitabu chake cha mwaka 1969, I Know Why the Caged Bird Sings, alisimulia habari za kunyamaza kwake utotoni baada ya kudhulumiwa na mtu mzima, kimya kilichodumu karibu miaka 5. Mama mmoja wa mji wao, Bi. Flowers, hakumgombeza. Alimkaribisha nyumbani kwake, akampa biskuti, akamwazima vitabu na kumtaka avisome kwa sauti. Mwaka 1993, Rais Bill Clinton alipoapishwa, Maya Angelou alisimama Washington akasoma shairi lake mbele ya taifa zima. Kimya chake kilikuwa na chanzo kingine, lakini njia ya Bi. Flowers yafaa hata kwa watoto wetu: taratibu, pasipo hadhara.

Najua wako watakaosema: si neno, na aandike tu, kwani mitihani ya taifa mingi ni ya kuandika. Nawajibu hivi. Mtoto asiyeweza kusema hawezi kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Wako wanaojinyima maji tangu asubuhi kwa sababu hiyo. Hawezi kusema kwamba kichwa chauma. Homa yaweza kumpanda bwenini usiku kucha, na jirani yake wa kitanda asijue. Hawezi kumshitaki anayempiga au anayemnyang'anya chakula. Na mtu mwovu atafutaye wa kumdhuru, humpenda sana yule asiyeweza kusema. Kisha baada ya shule yako mambo ya usaili wa kazi, ofisi, na hospitali. Kumwacha anyamaze si huruma.

Wengine watanitajia methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ni ya mtoto akataaye kutii. Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi niliona msichana akisimamishwa mbele ya darasa kipindi kizima, dakika 40, mpaka atoe salamu. Hakutoa. Waliokaa nyuma walisema amemshinda mwalimu kwa ukaidi. Mimi nilikaa dawati la mbele, nikaona magoti yake yakitetemeka na jasho likimtoka. Baada ya siku ile hakuonekana shuleni kwa wiki nzima, na aliporudi, hata kwa rafiki yake mmoja aliyekuwa akimnong'oneza hakusema tena.

Sasa nieleze njia ifaayo. Msingi wake ni kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja: ama mtu, ama mahali, ama kazi ya kusema. Masomo yakiisha na darasa likiwa tupu, mama au ndugu ambaye mtoto husema naye aje akae naye humo. Wahesabu kwa zamu, moja, mbili, tatu, au wataje siku za juma, kwa kuwa maneno hayo hayahitaji kufikiri wala hayana kosa. Mlango uwe wazi kidogo. Mtoto akisema bila shida, mwalimu apite nje. Siku nyingine asimame mlangoni. Kisha aingie, akae mbali akiwa amewapa mgongo, na kazi zake mkononi. Kisha asogee. Kisha aingie katika hesabu ile, ashike zamu yake. Kisha mama apunguze kusema, asogee mlangoni, na mwisho atoke. Mtoto amekwisha sema na mwalimu, wala hakuona siku ilipotokea. Baadaye aongezwe mwanafunzi 1, kisha wa pili. Hatua ikiwa kubwa mno, irudiwe ndogo yake. Vipindi viwe vifupi, lakini viwe vya mara kwa mara, kwani haba na haba hujaza kibaba.

Walimu wenzangu, yako mambo madogo yasiyogharimu kitu. Mtoto asikodolewe macho. Badala ya kumrundikia maswali, aambiwe jambo: "Naona umechora ramani nzuri." Mkianza kusikilizana, aulizwe swali la kuchagua, "Wataka kalamu nyekundu au ya buluu?", maana swali la ndiyo au hapana humalizwa kwa kutikisa kichwa. Ukisha uliza, ngoja kidogo, hesabu moyoni mpaka 5, bila kumsukuma. Na siku atakaposema, pokea neno lake kama neno la mtoto mwingine yeyote. Ukipiga makofi, utamrudisha alikotoka.

Wanafunzi, ninyi mna nguvu kuliko sisi, kwa sababu mwaishi naye saa zote. Msimwite bubu. Msimwambie mgeni, "Huyu huwa hasemi," kwa kuwa jina hilo likimshika, kulivua ni kazi. Mwiteni mchezoni hata kama hajibu. Keti naye, zungumza, usimdai jibu. Akinong'ona, usitangaze bweni zima kwamba leo amesema.

Wazazi wetu, nanyi nawaomba mambo mawili. La kwanza, msijivunie mno mtoto asiyesikika mbele ya wageni. Twapenda kumsifu kwamba ana adabu, hasa akiwa msichana, na kwa sababu hiyo shida yake yaweza kukaa miaka bila kutambuliwa. Samaki mkunje angali mbichi: kadiri hofu inavyogunduliwa mapema, ndivyo inavyoondoka kwa urahisi. La pili, msimsemee dukani na hospitalini kabla hajapata nafasi. Mpeni nafasi kwanza. Akishindwa, endeleeni bila kumgombeza.

Kwa kijana kazi ni ndefu zaidi. Amekwisha julikana na wote kuwa hasemi, na siku ya kusema anaogopa mshangao wa watu kuliko maneno yenyewe. Kijana asifanyiwe mipango kwa siri. Aketi na mwalimu mmoja, aandike mwenyewe ni mahali gani pagumu na wapi pepesi, naye achague pa kuanzia. Wakati wa likizo aweza kusoma ukurasa kwa sauti katika simu ya mzazi, na mwalimu akausikia akiwa kwake. Kuhamia shule mpya nako kwaweza kumsaidia, kwa kuwa huko hakuna aliyekwisha mzoea kuwa kimya. Hofu ikizidi, apelekwe hospitali. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ina madaktari wa magonjwa ya akili, na kumwona daktari huyo si kuitwa mwendawazimu.

Kwa shule yetu natoa maombi manne. Kwanza, katika kuita majina, kuinua mkono kukubaliwe kuwa jibu. Pili, kila darasa liwe na kadi ya ruhusa ya chooni, ambayo mtoto aweza kuiinua tu. Tatu, asiyeweza kusimama katika mdahalo au kueleza kazi yake mbele ya darasa, aruhusiwe kwa muda kuieleza mbele ya mwalimu mmoja au rafiki mmoja, kisha watu waongezwe kidogo kidogo. Nne, mwalimu wa ushauri awe na daftari la mazungumzo, mtoto aandike naye ajibu, ili pasiwe na mtoto yeyote hapa asiye na njia ya kusema kwamba anaumwa au anaonewa.

Uchunguzi mwingi waonyesha kwamba wenye hali hii hawafiki 1 katika kila watoto 100. Basi shule yetu yaweza kuwa nao wachache sana, na mwaka mwingine asiwepo hata mmoja. Lakini haya niyaombayo hayatamdhuru mtoto yeyote, na kwa yule mmoja ni mlango wa kutokea. Shime, ndugu zangu, tuuache wazi.