Tundu Dogo, Dhamana Kubwa

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hiyo yafaa ikumbukwe kila inapotajwa habari ya upasuaji wa tumbo kwa njia ya matundu madogo. Upasuaji huo unasifiwa sana, na sifa zake si za bure. Daktari hutoboa matundu machache, huingiza hewa ya ukaa ili tumbo liinuke, hupenyeza kamera na vyombo vyembamba, kisha hufanya kazi yake akitazama televisheni. Mgonjwa aliyeondolewa mfuko wa nyongo kwa njia hiyo hupata maumivu machache, na kwa kawaida hurudi kazini mapema kuliko aliyepasuliwa kwa mkato mrefu.

Hata hivyo, tundu dogo si hatari ndogo. Madhara makubwa yaweza kutokea hata kabla kazi yenyewe haijaanza, pale chombo cha kwanza kinapopenya tumboni na kujeruhi utumbo au mshipa mkubwa wa damu. Hewa nayo hukandamiza mapafu na mishipa irudishayo damu moyoni. Kwa hiyo mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu hana budi kupimwa vizuri kabla ya kupewa nusukaputi. Hatari huzidi pia kwa aliyewahi kupasuliwa tumbo, maana utumbo waweza kuwa umeshikamana na makovu, na kwa yule ambaye mfuko wake wa nyongo umevimba vibaya.

Dk. Erich Mühe wa Ujerumani aliondoa mfuko wa nyongo kwa njia hii mwaka 1985. Haikuchukua miaka mingi, madaktari wa Marekani wakaikimbilia, wengine baada ya mafunzo ya siku chache tu. Taarifa ya mwaka 1991 iliyohusu wagonjwa 1,518 ilifichua gharama yake. Miongoni mwa wagonjwa 13 wa kwanza wa kila kundi la wapasuaji, asilimia 2.2 walijeruhiwa mfereji wa nyongo. Kwa wagonjwa waliofuata, kiasi hicho kilikuwa asilimia 0.1. Kwa maneno mengine, wagonjwa wa mwanzo ndio waliolipa karo ya masomo ya madaktari wao. Hilo ni jambo lisilostahili kurudiwa popote.

Wapo watakaodhani kwamba majeraha hayo hutokana na mikono mizembe. La hasha! Uchunguzi uliotolewa mwaka 2003 juu ya majeraha 252 ya mfereji wa nyongo ulionyesha kwamba asilimia 97 chanzo chake kikuu kilikuwa jicho kudanganyika: daktari aliona kitu kimoja akakidhania kingine. Aliyedanganyika hajijui. Ndiyo maana kanuni iliyoelezwa mwaka 1995 inamtaka mpasuaji asikate chochote mpaka asafishe mahali pale na kuona waziwazi kile anachokikata. Asipoona, na alifungue tumbo kwa njia ya zamani. Kufanya hivyo si aibu wala si kushindwa. Ni busara inayookoa maisha.

Kwamba utaratibu huokoa maisha, ushahidi tunao hapa nyumbani. Hospitali ya Ifakara ilikuwa miongoni mwa hospitali nane duniani zilizojaribu orodha ya Shirika la Afya Duniani ya kukagua usalama wa upasuaji wa aina mbalimbali. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009. Katika hospitali hizo kwa jumla, vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha yenyewe ni karatasi moja tu.

Kwa hiyo basi, viongozi wanaoidhinisha fedha za mitambo hii waidhinishe pamoja nazo fedha za mafunzo, za usimamizi wa wapasuaji wapya na za matengenezo. Mtambo bila mtaalamu ni pambo la gharama kubwa. Katika mikono isiyoandaliwa, ni hatari. Hospitali nazo ziweke hesabu ya madhara yanayotokea na kuyajadili bila kuficha, maana kosa lililofichwa leo litarudiwa kesho.

Mfanyakazi na mwalimu nao wana wajibu wao. Kabla ya kutia sahihi, mgonjwa aulize kwa heshima: daktari ameifanya kazi hii mara ngapi? Ikishindikana, tumbo litafunguliwa hapo hapo? Akisharudi nyumbani, akipata homa, tumbo likizidi kuuma au kuvimba, au macho yakigeuka manjano, arudi hospitali mara moja. Kuuliza si kumdharau daktari. Mwili ni wa mgonjwa, na dhamana anayompa daktari ni kubwa kuliko tundu litakalotobolewa.